Kibonge Amenyonyoka Majani

Nyumbani kwa mama,
Chumba cha cherehani,
9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu. Hujambo wewe? Wifi yangu hajambo, na wanangu wawili hawajambo? Kile kikohozi kimekwisha, au bado unakidanganya kwa vidonge vya dukani? Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha kila jioni kwamba nimeinamia cherehani hii miaka ishirini. Habari za mama nitakupa, lakini kaa kitako kwanza.

Barua yako imefika. Kurasa mbili, na karibu ukurasa mzima unauliza kwa nini mmea wako kwenye ile picha niliyokutumia umepukutika majani, na tuufanyeje upone. Mama alikuwa amekaa pembeni ya mmea huo kwenye picha hiyohiyo, mguuni amevaa viatu viwili visivyofanana, na hilo hukuliona. Nilikasirika, sikufichi. Halafu nikakumbuka kwamba mimi ninayelala naye nyumba moja sikuona kitu kwa miezi mitatu. Basi tusirushiane lawama. Nakujibu ulichouliza.

Unakumbuka siku ya kuondoka ulimkabidhi mama kile chungu hapo mlangoni, ukamwambia, huyu Kibonge ndiye mimi, mtunze mpaka nirudi. Wewe ulikuwa unatania, kama kawaida yako. Mama hakuyachukulia kama utani. Alimweka dirishani karibu na cherehani yangu, akawa anampa kikombe kimoja cha maji kila baada ya wiki mbili, na kwa miaka sita Kibonge alinenepa mpaka majani yake yakawa kama vidole vya mtoto mchanga.

Desemba majani yakaanza kudondoka. Hayakukauka, yaligeuka manjano, yakalainika, ukiligusa jani linakuachia maji mkononi. Mjomba alipokuja akasema ni njaa, akamwaga mbolea kiganja kizima. Unamjua mjomba, hajawahi kusema sijui tangu azaliwe. Majani yakazidi kuanguka.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ninalolijutia. Nilimgombeza mama. Nilimwambia mbele ya wateja kwamba amepewa kitu kimoja tu cha kutunza na kinamfia mikononi. Kesho yake nilipofungua dirisha nikamkuta Kibonge ana majani tena. Mama alikuwa ameyaokota sakafuni, akachukua sindano na uzi wangu mweupe, akayashonea kwenye shina moja moja. Mishono midogo, imenyooka, ileile aliyonifundisha mimi.

Nilikipakata kile chungu mpaka kwa muuza miche wa njia panda. Alipoona uzi alicheka, aliponitazama usoni akaacha. Akamgeuza Kibonge, akamtoa. Mizizi ilikuwa myeusi, imeoza, inanuka kama mtaro.

"Nani anaumwagilia huu, dada?"

"Mama."

"Mara ngapi?"

"Anasema Jumapili moja hivi, moja anaruka."

"Basi kwenu Jumapili ni nyingi."

Alinieleza kwamba mmea wa aina hii huweka maji yake kwenye majani. Ukiwa na kiu, majani hukunjamana na kusinyaa, na kikombe kimoja kinatosha kuurudisha. Ukizidishiwa, mizizi inakosa hewa na kuoza, na majani yanalegea na kuanguka. Ubaya ni kwamba mtu akiona yanaanguka anadhani ni kiu, anaongeza maji. Na chungu chetu hakikuwa na tundu chini. Miaka sita, mdogo wangu, na hakuna aliyekipindua kuangalia.

Kesho yake nilikirudisha chungu dirishani na kile kisiki kilichooza ndani yake, nikakaa kushona. Kila mama alipoinuka na kikombe, nilihamisha kifungo kimoja kutoka kopo hili kwenda lile. Kila mara aliniambia maneno yaleyale, kwamba leo mtoto bado hajanywa. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa na vifungo kumi na kimoja.

Nilivitazama vile vifungo, nikakumbuka vidonge vyake vya presha. Nilikwenda kuangalia. Kichupa cha mwezi mzima kilikuwa kitupu, na mwezi ulikuwa na siku tisa tu. Ndiyo maana alianguka bafuni mara mbili, nami nikailaumu sabuni. Daktari amempima, akasema ni ugonjwa wa kusahau, na kilichokwisha kwenda hakirudi. Vidonge sasa ninavifungia kwenye droo ya cherehani, nampa mwenyewe.

Kuhusu Kibonge, tulifanya hivi. Siku ile nilipompelekea, muuza miche alikata shina juu ya pale palipooza, kwa kisu safi, akaniambia nisilipande siku hiyo. Nililianika kivulini siku tano mpaka kidonda kikakauka. Nikalipanda kwenye kopo lililotobolewa chini, udongo nusu, mchanga na kokoto nusu. Maji sikumpa mpaka nilipochomeka kidole na kukuta udongo mkavu hadi chini. Shina lilikufa hata hivyo. Lakini jani moja lililokuwa bado gumu nililiweka juu ya mchanga, na wiki iliyopita limetoa mzizi mwembamba kama uzi. Nimelificha juu ya kabati, karibu na dirisha la jikoni, mama asilione.

Kile chungu cha zamani nimemwachia mama. Kimejaa udongo mtupu, nimekitoboa, na chini nimeweka beseni. Anamwagilia anavyotaka, na anakizungumzisha kwa jina lako. Beseni namwaga mimi.

Juzi aliingia humu chumbani, akasimama pale wanaposimama wateja, akaniamkia. Akaniita fundi. Alitaka gauni la bluu, na akanisihi nisimcheleweshe kama mafundi wengine, kwa sababu mwanawe anarudi na hataki kumpokea na nguo kuukuu. Nilichukua tepu nikampima. Amepungua sana, mpaka nilipima kiuno mara mbili. Alinishukuru, akaniuliza kama na mimi nina mama.

Gauni nimelimaliza leo asubuhi, limetundikwa mlangoni. Kila akipita analigusa na kuuliza ni la nani. Jina lako bado analitaja bila kukosea. Daktari hakutupa tarehe, lakini nimeona jinsi langu lilivyoondoka, ghafla, siku ya kawaida kabisa. Njoo angali anajua anamsubiri nani.

Mjomba anakusalimu, na mbolea bado anayo. Nisalimie wifi, wabusu watoto, waambie shangazi amewashonea suruali bila vipimo, wasikue haraka. Mungu akufungulie njia na akufikishe salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikasirika,
ambaye sasa humu ndani naitwa Fundi.