Kumwamkia Mzee Urbano Njiani

Unyambwa, Singida

Kaka Sixbert,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi Eliana na watoto hamjambo huko Morogoro. Sisi ni wazima, ila mimi nimechoka. Nimechoka kukaa, na sikujua kama kukaa kunachosha hivi. Alizeti zimeshaingia ndani, upepo umeanza, na vumbi lake tunalila pamoja na ugali. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize. Ukisikia tu jina la shemeji yako Isaka, unawaka.

Nimesikia unakuja kuichukua pikipiki ya umeme ya magurudumu matatu uliyoninunulia, umpe mwingine, kwa kuwa Isaka ameuficha ufunguo ili nishinde ndani. Naomba usome mpaka mwisho.

Tangu kiharusi kiniachie mguu huu usiosikia, pikipiki hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye cherehani yangu pale senta. Masharti yako niliyashika. Sikumpakia mtoto, sikuingia barabara ya lami, kanga niliikusanya mapajani isije ikanaswa na gurudumu, na kila nilipotaka kushuka nilizima ufunguo kwanza. Mafundi wenzangu walinicheka kwamba naendesha kama nimebeba mayai. Kisha nikaanguka, mkono ukateguka, na nyote nikawaambia nimegonga jiwe. Kwa mawe ya kwetu, nani angebisha?

Hakukuwa na jiwe. Siku ile, kwenye mteremko wa kisimani, nilikutana na baba mkwe, Mzee Urbano, anatembea na mkongojo wake. Unajua tulivyolelewa: hata kwenye baiskeli, mkubwa unamshukia ndipo unamwamkia, sembuse baba mkwe. Nikajiuliza nitamwamkiaje mzee wa watu nimekaa juu kama bibi harusi. Nikashuka haraka, ufunguo nimeusahau, na nilipoegemea usukani kiganja kikakandamiza kile kidude cha kuendeshea. Pikipiki ikaruka, ikaniburuta. Mzee aliona yote na hakuwa na nguvu za kuniinua. Tangu hapo akawa anazungukia mashambani ili asipite mlangoni kwetu, na mimi sikumtaja kwa mtu.

Kaka, ufunguo niliuficha mimi, ndani ya chungu cha unga. Niliogopa kukutana na mzee tena nimekaa juu. Isaka anajua, na maneno yako yote makali ameyameza kimya ili nisiaibike. Hilo limenichosha kuliko mkono wenyewe.

Juzi mzee alikuja nyumbani. Akaniambia, "Mwanangu, ukinikuta njiani usishuke. Mimi ndiye nitakayekaa."

Leo asubuhi nimeutoa ufunguo, nikaufuta unga, nikatoka. Alikuwa chini ya mteremko, mahali palipo sawa. Aliponiona akajishusha taratibu juu ya jiwe, mkongojo kaushika kwa mikono miwili. Nikasimamisha pikipiki, nikazima ufunguo, ndipo nikamwamkia, nimekaa. Akaitikia marahaba. Nililia njia nzima mpaka senta.

Usije kuichukua. Ukija, njoo umwombe radhi shemeji yako, na umpitie mzee. Wasalimie watoto, na wifi mwambie gauni lake nimelianza leo, mkono ukiuma nitapumzika.

Ni mimi mdogo wako, mbele ya cherehani,
Scola