Kadi ya Darasa la Nne

Mtambile, Pemba
Alkhamisi, baada ya alasiri

Kwa dada yangu Mize,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, dada. Natumai karatasi hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Nyange na mwanetu Yumna, na kwamba joto la Tanga halijakukausha. Sisi huku wazima kwa kiasi tulichoandikiwa. Shangazi Bi Mwanawema goti linamuuma wakati wa kufagia tu, akenda harusini haliumi. Mimi mzima, nimenenepa kidogo, na wanaosema nimependeza ni wengi kuliko wanaosema kweli. Habari ya Baba itakuja mahali pake. Usiruke mistari kuitafuta, nnakujua.

Utashangaa kuletewa barua ya mkono na Masika, mke wa jirani yetu Jaribu, wakati siku hizi hata bibi wa miaka themanini anatuma sauti. Sababu ni mbili. Ya kwanza, kuna kitu kidogo nimekibandika kwa selotepu chini ya ukurasa wa mwisho, nacho hakipiti kwenye mtandao. Ya pili, nikikutumia sauti nitatania, na wewe ukinisikia natania utakata. Kwenye karatasi kicheko changu hakisikiki. Nimejaribu.

Unaidai video ya Baba, wiki ya tatu hii. Umesema hutii mguu nyumbani kwake, hata mgonjwa alivyo, mpaka umuone kwa macho yako akitamka kwamba amekuachia radhi, kwa sababu kauli yake ya mwisho kwako, miaka sita nyuma, ilikuwa ya kukukana. Nami kila siku nakujibu kwamba video ipo, ni nzito tu, mtandao unasumbua. Basi leo nakueleza mambo yalivyokwenda. Ukifika mwisho wa barua utaamua kama ufunge mzigo au usinitaje tena.

Kwanza nijisifu, maana baadaye sitapata nafasi. Banda langu sasa lina bango: Fundi Suhail, Simu Zote. Watu wanatoka hata Pujini. Yule Hafidh aliyekuwa akishika namba moja skuli, na mimi nikishika mlango, sasa ananiletea simu yake na kunisubiri nimalize chai. Mimi niliyefeli darasa la kumi.

Simu ikiwa nzito, watu wa hapa husema imeingiwa na jini. Bi Mwanawema aliifukizia ubani yake siku mbili, ikazidi kulala. Nikaifungua mbele yake pale barazani, nikachomoa kadi ya memori nikamuonyesha. Kwenye kadi kuna alama kama herufi C, na ndani yake namba. Hiyo namba ndiyo darasa lake. Ya darasa la nne inaandika megabaiti nne kwa sekunde, ya darasa la kumi inaandika kumi, na yenye U na tatu ndani yake inaandika thelathini. Ukiipa ya darasa la nne kazi kubwa, ni kama kumwambia mtoto wa darasa la nne aandike hotuba ya Ijumaa huku hatibu anaisoma. Ataandika maneno ya mwanzo, mengine yatampita. Shangazi akaniuliza mimi niliishia darasa la ngapi. Nikamwambia la kumi. Akasema basi niko sawa na kadi, ila kadi imefaulu.

Nikamtilia ya darasa la kumi, na picha zilizokuwa zikizunguka tu zikafunguka. Ya kwanza ilikuwa ya Yumna, ile uliyomtumia shangazi kwa siri siku ya Idi, kavaa kofia ya baba yake. Baba alikuwa nyuma yetu anachambua karafuu. Akauliza ni mtoto wa nani huyo aliyechukua macho ya marehemu Mama. Akaichukua simu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba sahani iliyojaa mchuzi, na karafuu zikakaa hazijachambuliwa mpaka adhuhuri. Hilo nalihesabu kuwa langu, dada. Liweke upande mmoja wa mizani. Upande wa pili unakuja.

Nilipokupigia kukueleza, ulinirudisha mwanzo mara tatu mpaka vocha ikaisha. Wiki ile ile ukaniletea kadi mpya, ya U na tatu, na sharti lake: Baba akikubali kusema, nimrekodi kwa picha safi, na kadi hiyo isitiwe kwenye kazi nyingine yoyote. Ulilirudia mara mbili. Nikakwambia unanifanya mtoto.

Jumatatu asubuhi, wiki tatu nyuma, Baba akaniita. Nikamkuta kavaa kanzu ya Ijumaa. Akaniambia nilete simu, ana neno la kumwambia Mize, na atalisema sasa hivi kwa sababu kesho huenda asiwe na moyo wa kulisema. Nikakimbia bandani, nikarudi, nikaegemeza simu kwenye kinu. Picha nikaiweka kwenye kiwango cha juu kabisa, ili umhesabu hata nywele za ndevu. Nikabonyeza, akaanza.

Alianza kwa ukali. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, sauti ile ile ya kutuamsha alfajiri. Halafu nilipomtazama machozi yalikuwa yanateremka. Mimi Baba sijapata kumuona akilia, hata siku tuliyomzika Mama. Nikageuka nikatazama ukuta. Yote aliyoyasema baada ya hapo niliyasikia nikiwa nimeukodolea macho ukuta, na simu sikuiangalia tena. Alipomaliza aliniuliza kama imeshika. Nikamjibu imeshika, Baba, mimi si ndiye fundi.

Bandani nikaifungua. Sekunde arubaini na moja. Chini yake simu imeniandikia kwamba kadi ni ya taratibu, kurekodi kumesimama.

Nikwambie yaliyomo katika sekunde hizo, ujue kwa nini sikukutumia. Baba anasema ulitoka nyumbani kwake kama mtu anayetoka dukani. Anasema uliozeshwa na kadhi na yeye baba yako yu hai, na kwamba siku ile aliapa hana mtoto anayeitwa Mize. Hapo inaganda, mdomo wake wazi. Ukiiona hiyo peke yake hutarudi Pemba maisha yako.

Nikasema nitamuomba arudie. Jumanne nikaona haya. Nikazunguka uani, nikamletea maji hakuyaomba, nikaondoka. Jioni ukapiga, nikakwambia kazi imekwisha, ni safi, utalia. Jumatano niliamka nimeazimia kumwambia, na Jumatano ndiyo siku alipoanguka akitia udhu. Mengine unayajua. Upande wa kulia umekufa na ulimi hautoki. Daktari amesema kusikia anasikia na akili yake ipo, lakini mwili unapungua, na aliye mbali asichelewe. Hilo la asichelewe sikukwambia. Nakwambia sasa.

Nilikwenda mjini Chake Chake kwa fundi Bakari, ambaye kila kilichofutika kwenye simu anakirudisha. Alikaa na kadi ile tangu asubuhi mpaka magharibi. Akaniambia kilichofutika angekirudisha, lakini hiki hakikupata kuandikwa, hakuna cha kutafuta. Akauliza ni fundi gani huyo aliyetia kadi ya darasa la nne kwenye kazi kama hii. Nikasema ni mmoja wa huko Mtambile. Akanishauri nisimpelekee tena simu yangu.

Najua unauliza: darasa la nne imetoka wapi, na mimi nilikuletea ya U na tatu? Kalamu yangu imekaa juu ya mstari huu muda mrefu, chai imepoa.

Jumapili, siku moja kabla ya Baba kuniita, kulikuwa na mchezo wa ng'ombe Pujini. Nilitaka nionekane. Rafiki yangu Seif ana simu yenye kamera nzuri kuliko yangu, nikaitia kadi yako humo, nikamwambia anichukue nikimchokoza ng'ombe kwa kitambaa. Alinichukua dakika kumi na mbili bila kukatika hata mara moja. Picha safi ajabu, unazihesabu ndevu zangu zote tatu. Ng'ombe hakunitazama. Dakika kumi na mbili narusha kitambaa na yeye anakula majani. Kisha Seif akaondoka na simu yake kwao Wingwi na kadi yako ikiwa ndani.

Kwa hiyo Jumatatu Baba aliponiambia nilete simu, sikuwa na kadi. Ningeweza kumuomba asubiri. Nikaogopa kuulizwa kwa nini. Nikachukua iliyokuwa juu ya meza, na iliyokuwa juu ya meza ni ile ile niliyoichomoa kwa Bi Mwanawema na kumcheka. Namba yake niliiona, dada. Nilijua ni ya darasa la nne, nikaitia. Mtandao wa Pemba nimeusingizia bure, haukufanya kosa.

Jana nilimwambia Baba. Nilikaa kwenye jamvi kando ya kitanda chake nikamueleza yote, mpaka ng'ombe. Alinitazama mpaka nikatamani ukuta wa siku ile. Halafu akatoa mkono wake wa kushoto, ule mzima, akanishika sikio akalivuta kama alivyokuwa akilivuta siku za skuli, akakaa nalo. Alipoliachia akaoneshea mlangoni. Nikadhani ananifukuza, nikasimama. Akatikisa kichwa, akaoneshea tena mlango, kisha kile kiti chako kilichosukwa kwa miyaa ambacho miaka sita hajaruhusu mtu akikalie. Nikamuuliza kama nimlete Mize. Akafumba macho, akafumbua.

Video haipo, lakini mimi nilikuwepo, na aliyoyasema ninayo. Tatizo ni kwamba shahidi wako ni mimi. Ni mimi niliyekwambia nimefaulu darasa la kumi na ukachinja kuku. Ni mimi niliyekudanganya wiki tatu hizi. Ningekuwa wewe nisingeniamini. Kwa hivyo nakuandikia maneno yake kama yalivyotoka, na ndani yake mna jambo ambalo siwezi kulibuni, kwa sababu silijui maana yake. Alisema hivi:

"Mwambie Mize sikukasirikia mume. Nilikasirika hakuniaga. Mwambie radhi zangu nimemuachia, yeye na mumewe na mtoto wake, dunia na akhera. Na mwambie zile karafuu zilizonyeshewa, alizosahau kuzianua akazificha mvunguni, hazikuchukuliwa na jini. Nilizitoa mimi, mama yake yuko kisimani, nikazifukia nyuma ya choo, nikamwambia mama yake mimi ndiye niliyesahau kuanua. Nilikuwa nikingoja aje aniambie mwenyewe. Sasa nimengoja mno. Na aje tu, asiniambie kitu."

Mimi karafuu hizo sizijui. Bi Mwanawema naye hazijui. Anasema ikiwa ni mwaka ule wa mvua kubwa za vuli, wewe ulikuwa na miaka tisa na mimi nilikuwa tumboni mwa Mama. Kwa hivyo, dada, hapa mimi sina ninachoweza kuongeza wala kupunguza. Anayejua kama palikuwa na karafuu mvunguni mwa kitanda chako, na kama uliamka ukazikuta hazipo, ni wewe tu.

Kama hazikuwepo, basi mdogo wako ni muongo mpaka mwisho. Chana karatasi hii, kaa Tanga. Kama zilikuwepo, panda boti ya kwanza utakayoipata. Nitakuwa bandarini Mkoani kila boti inapoingia, na banda nimelifunga mpaka ufike.

Kadi iliyobandikwa hapo chini ni yako, ya U na tatu. Seif kairudisha. Ng'ombe nimemfuta, pamoja na mimi. Haina kitu ndani. Njoo nayo, na simu atashika Bi Mwanawema.

Msalimie shemeji Nyange, mwambie Baba kamtaja kwa kheri na mimi bado namwogopa. Mbusu Yumna macho yote mawili. Bi Mwanawema anakusalimu, na ameshakianika kiti chako juani tangu asubuhi, ingawa nilimwambia asubiri jibu lako.

Wasalaam.

Ni mimi mdogo wako,
Suhail Jecha,
darasa la kumi, sikufaulu