Nilichokuficha Kabla ya Bidar

Papa,

Shuleni naandika Kiingereza na Kizulu. Hii naiandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyokudanganyia.

Unamkumbuka daktari wa Hyderabad, yule aliyeongea akiangalia meza? Mama alibaki nyumbani Yeoville na wadogo zangu, mimi nikaenda nawe niwe mtafsiri. Daktari aliniambia ugonjwa umeshafika kwenye ini, hakuna dawa tena, turudi ukakae na watu wako. Ukaniuliza, "Anasema nini?" Nikasema, "Anasema upumzike, papa. Utembee kidogo."

Ukacheka. "Basi tutembee."

Kesho yake dereva wa teksi alitupeleka kwao Bidar, mji ambao wageni wengi hawaujui, wenye ngome ya masultani wa zamani. Akatueleza kwamba Waafrika waliwahi kuwa askari na wakubwa pale. Ukasema, "Kumbe ndugu zetu walitangulia. Na bila viza." Nilimtafsiria hilo neno kwa neno. Utani wako sikuupunguza hata kidogo.

Ndani ya jumba la kifalme ulisimama mbele ya ukuta mweusi uliopambwa kwa vipande vya ganda la chaza. Ukapitisha kidole kwenye maungio, kama ulivyokuwa ukikagua mshono wa koti la mteja. "Fundi huyu hakuwa na haraka," ulisema. "Hata mimi sina. Desemba tutaenda Kalemie, nimuone mama yangu. Miaka kumi na minne, eh."

Nilifungua mdomo. Unanijua nilivyo, hata kumwambia mwalimu kwamba naumwa naogopa. Nikakuuliza kama una kiu.

Ungejua, ungeenda Kalemie moja kwa moja. Badala yake ulirudi kwenye cherehani, ukashona sare za kwaya, ukafa Septemba.

Nikiulizwa shuleni nasema niko sharp, sina neno. Mama anawaambia watu kanisani, "Huyu mtoto alimsaidia sana papa yake kule." Akianza hivyo natoka nje, najifanya napigiwa simu. Hakuna ninayeweza kumwambia, na hata nikisema, wewe hurudi.

Jumapili Koko, mama yako, alipiga simu. Akaniuliza polepole, "Mjukuu wangu, madaktari hawakumwambia? Angejua, si angekuja kuniaga?"

Nikamjibu, "Hawakusema kitu, Koko."

Akasema, "Basi." Halafu nikamsikia akilia, na sikukata simu, na sikumwambia ukweli.

Usiniambie nilikuwa mtoto. Lala, papa.

Binti yako wa kwanza