Kilo Sitini na Moja

Palma, siku ya kumi na tisa ya eda yangu

Kwa wifi yangu mpendwa Haula,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta huko Mtwara ukiwa mzima, wewe na wajukuu, na kwamba lile goti lako limepoa tangu mvua ziishe. Sisi huku tunaamka, tunamshukuru Mungu, ingawa nyumba imekuwa kubwa kuliko ilivyokuwa. Nazira na mumewe Adamo wanakusalimu sana.

Wifi, uliponipigia simu ukataka nikueleze ndugu yako alivyokwenda, nilikujibu kwa kifupi kwamba siku zake zilikuwa zimefika. Ni kweli, lakini si yote. Naandika kwa sababu kwenye simu nisingestahimili kukusikia ukinyamaza. Nakuomba usome mpaka mwisho, usiruke mstari.

Unajua Muzamil alianza kuvimba miguu mwaka jana, akawa halali ila kwa mito mitatu, na hospitali wakasema moyo wake umechoka kusukuma damu, maji yanabaki mwilini. Muuguzi wa kwanza alimfokea kama mtoto: acha chumvi, acha ng'onda, punguza maji. Yeye akaitikia ndiyo, ndiyo, kisha akifika nyumbani ananiambia nimchomee ng'onda yake ya chumvi. Si unamjua. Alisema samaki asiye na chumvi ni kama kuzungumza na mama mkwe, unatafuna heshima tupu.

Halafu akaja muuguzi mwingine, Dulce, Mmakonde wa Mueda, Mkristo, Kiswahili chake cha kuokoteza. Huyo hakumwamuru kitu. Alivuta kiti akamwuliza, mzee, ukipata nguvu unataka uzitumie kwa kazi gani? Nduguyo akasema vita vimemchukulia nyumba ya Mocímboa na watoto wawili wa kiume. Amebaki na Nazira, na anataka amwozeshe kwa kinywa chake mwenyewe, asiweke wakili, wala asikatize maneno kwa kuhema. Dulce akamwuliza, toka moja hadi kumi, una hakika kiasi gani utaweza kuacha ng'onda? Akasema tatu. Nikaona haya, nikajua sasa atafokewa. Dulce akacheka, akauliza, mbona si moja? Muzamil akafikiri, akasema, kwa sababu Ijumaa tayari siili, mke wangu huificha. Wakacheka wote wawili, na mimi nimesimama pale kama mwizi aliyeshikwa.

Hivyo ndivyo alivyobadilika, wifi, kwa maneno yake mwenyewe. Yeye ndiye aliyesema nitie ukwaju na pilipili badala ya chumvi. Yeye ndiye aliyechagua chupa ya kupimia maji yake ya kutwa. Na kila alfajiri baada ya swala, kabla ya chai, alipanda mizani aliyotuachia Dulce. Kwa kuwa macho yake yalikuwa na ukungu, Dulce alimwuliza nani atakusomea? Akanishika mkono akasema, huyu ndiye macho yangu. Nikawa nasoma na kuandika daftarini. Kilo sitini na moja. Dulce alitwambia zikipanda mbili ndani ya siku tatu, hayo si mafuta, ni maji, tusingoje, twende hospitali siku hiyo hiyo. Muzamil akaahidi.

Miezi mitano alikaa vizuri. Akawa anakwenda msikitini kwa miguu yake, anapumzika mara moja tu kwenye baraza la duka la Tomás. Harusi ikapangwa Ijumaa.

Wifi, sasa nifikie lile. Jumanne ya wiki ile mizani ilisoma sitini na mbili na nusu. Kwanza nilifurahi, kwa kuwa nilimwona tulipokuwa wakimbizi akiwa mifupa mitupu, na sisi mtu akinenepa twasema alhamdulillahi. Jumatano sitini na tatu na nusu. Furaha ikaisha, nikajua. Nikamwambia sitini na moja. Akaniambia, viatu vinanibana, Siwema. Nikamjibu, vilinyeshewa, vimesinyaa. Alhamisi sitini na nne, na daftarini nikaandika sitini na moja, kwa mkono huu huu, nikaigeuza na ile ya Jumanne, na mpaka Jumamosi sikuandika nyingine. Nilijua nikisema kweli atakwenda hospitali, maana ahadi yake ilikuwa ahadi. Watamlaza, na Ijumaa wakili atamsemea. Nikasema ni siku mbili tatu tu, Mungu atatushikia.

Ijumaa alimshika Adamo mkono, akayasema maneno yote bila kuvuta pumzi katikati. Watu wakalia. Jioni akaniambia, Siwema, macho yangu, umenifikisha. Jumapili asubuhi alikuwa anazama juu ya kitanda kikavu. Tulimpeleka kwa pikipiki, mimi nyuma nimemkumbatia. Adhuhuri haikumkuta.

Dulce alikuja kutupa pole. Akaomba daftari, akafunua kurasa, akalia. Alisema pengine alitufundisha vibaya, maana huyu kilo hazikusogea hata moja, na maji yamemwua. Wako wagonjwa saba wanaojipima kwa kumwiga Muzamil. Mmoja, mama Elisa wa Quionga, amekwisha rudisha mizani, anasema haina faida. Alhamisi ijayo Dulce anakuja kulichukua daftari akawaonyeshe hao wengine kwamba mizani peke yake haitoshi.

Nitamwambia kweli. Nimo edani, siwezi kumfuata, lakini akija nitamwambia. Sitaki mama Elisa afe kwa mwandiko wangu. Kinachonishinda ni Nazira. Ataniuliza, mama, kwa nini hamkuiahirisha harusi? Naapa, hilo la kuahirisha halikunijia hata mara moja.

Wewe ndiwe uliyemlea Muzamil mama yenu alipofariki, kwa hiyo kwako ndiko ninakoanza kuomba radhi. Ukiona huwezi kunisamehe, sema hivyo hivyo, nitapokea. Ukiweza kuja, njoo ukae na Nazira siku nitakayomwambia.

Wasalimie wajukuu mmoja mmoja. Barua hii anakuletea mzee Shaweji, yule muuza vitenge, naye atavuka kurudi huku Jumatano. Tafadhali nijibu upesi, umpe yeye mkononi.

Ni mimi wifi yako,
Siwema