Ulikataa Kubebwa

Mwalimu Bukuru,

Mwakeye. Wewe ndiye uliyekuwa ukiingia darasani na salamu hii ya Kiha, hata kwa watoto waliohamia juzi kutoka Dodoma, na leo nakurudishia. Usidhani nimepoa. Nakusalimia kwa sababu ulinifundisha adabu, na hasira niliyonayo haijaimaliza.

Wamenipa darasa lako. Kidato cha pili wote, pamoja na ile meza yenye mguu mbovu. Nikigeukia ubao nasikia kabisa kwamba wanakusubiri wewe. Nimewafundisha msuguano. Nimewafundisha kwa nini abiria wa bodaboda humlalia dereva mgongoni akifunga breki. Sheria ya tatu ya mwendo nimeiruka. Nimesema tutairudia, tutairudia, mpaka wameacha kuuliza, na mitihani ndiyo hiyo inakuja.

Unajua kwa nini. Sheria hiyo nilijifunza kwako, pale Kibirizi, nikiwa mwanafunzi wako. Uliazima mtumbwi kwa wavuvi, ukaniambia nisimame ndani yake, niruke hadi mchangani. Haukuwa umefungwa. Niliruka, mtumbwi ukaenda zake ziwani, nami nikaangukia majini mbele ya wanawake waliokuwa wakianika dagaa. Walicheka mpaka wakakaa chini. Ukanivuta mkono ukasema, "Umeusukuma mtumbwi, nao umekusukuma. Kwa kuwa haukufungwa, mmegawana safari." Mimi sikuisahau siku ile. Wewe uliisahau?

Halafu ile safari ya Kagunga, nilipokuwa nimeshaajiriwa shuleni kwako Gungu, ukaniomba nikusindikize kwenda kumwona mchumba wako, Zawadi. Boti kubwa ilisimama mbali, mtumbwi mdogo ukatusogeza, na wachukuzi wakaingia majini kutubeba mgongoni, kama wanavyombeba kila mtu pale. Niliona haya, mwalimu mzima kubebwa kama mtoto. Ukanitania, "Panda, Madam, ziwa halijui cheo chako." Ukapanda na wewe, viatu mkononi, ukaanza kumweleza mchukuzi wako habari za kani ya uzito huku yeye anahema. Tangu siku hiyo nilikuamini kuliko kitabu.

Sasa Zawadi amenieleza. Alikuja msibani akakaa ubavuni kwangu, akasema polepole, "Alikataa kubebwa, dada." Siku ya kupeleka posa, wajomba zake wamejipanga ufukweni, wewe umevaa suti, ukaona aibu wakwe wakupokee ukiwa umening'inia mgongoni kwa mtu. Ukamwambia mchukuzi akae pembeni. Ukaruka. Mtumbwi ukarudi nyuma, na kichwa chako kikakuta jiwe.

Watu walisema ni mapenzi ya Mungu. Niliitikia amina kwa sababu mama yako alikuwa ananitazama. Lakini umenisaliti, Mwalimu. Angekuwa mtu mwingine ningelia tu yakaisha. Wewe ulijua. Ulijua kuliko sisi wote, ukatuchekesha nayo, ukatutahini nayo, halafu kwa ajili ya macho ya wajomba ukaifanya sheria ile kama kitu cha kuwaambia watoto tu. Nimekasirika mpaka wali wa arobaini yako ulinishinda.

Jana niliwapeleka wanafunzi Kibirizi. Niliazima mtumbwi, binti mmoja wa mbele akaruka, akaanguka, na wanawake wa dagaa wakacheka vile vile. Nikamvuta mkono. Nilitaka kusema maneno yangu mwenyewe, yakatoka yako, tena yamekatikakatika. Yule binti akajikamua sketi, akaniangalia. "Madam, Mwalimu Bukuru si alijua haya?"

Nilitaka kukutetea. Nilitaka kusema palikuwa na wimbi, au mbao ziliteleza. Nikasema, "Alijua. Aliona aibu." Hakuna aliyecheka. Tuliporudi darasani niliiandika sheria ubaoni, wakainakili.

Mama yako ameniomba nipeleke shukrani Kagunga kwa watu waliokutoa majini. Nakwenda Jumamosi. Wajomba watakuwepo ufukweni, nimeshaambiwa, na nitavaa gauni langu zuri. Nakuahidi nitapanda mgongoni kwa mchukuzi, viatu mkononi, gauni limenipanda magotini, na anayetaka kucheka acheke.

Pumzika, Mwalimu. Kukusamehe bado. Nimemwomba Zawadi anitafutie yule yule mchukuzi uliyemwambia akae pembeni. Nikiwa juu ya mgongo wake, nitajaribu.

Mwanafunzi wako,
Madam