Shahidi wa Wosia wa Shangazi Annuarite

Kambi ya Dzaleka,
Dowa, Malawi.
14 Juni 2015

Mpendwa mdogo wangu Byamungu,

Nakusalimu kwa jina la Yesu, wewe, mke wako Marlène na watoto. Mko wazima? Yule mdogo meno yameshaota? Hapa Juni imeingia na baridi yake, ile iliyokuwa ikikufanya unawe uso tu kisha utuambie umeoga. Huko kwenye theluji sijui unamdanganya nani. Sisi afya ipo, isipokuwa mgongo wangu, na mgongo wangu unaujua.

Usishangae kupata barua ya mkono wakati simu zipo. Haya ninayoandika sitaki yapite kwenye simu. Nimempa Bora, binti wa jirani, anayesafiri kuja huko na wazazi wake. Ukimaliza kusoma, choma.

Tangu tumzike shangazi Annuarite hatujapata amani. Unajua alichoacha: nyumba yake hapa kambini, na duka la ushonaji Lumbadzi pamoja na cherehani zote na vitambaa. Vyote alimwandikia Darlène katika wosia. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na shangazi alilea tangu alipomwokota yule mtoto kwenye njia ya Uvira tulipokimbia Bukavu, akilia peke yake, watu wakimpita. Lakini kwa sheria Darlène si kitu kwake. Wosia ukianguka, hapati hata sindano.

Sasa baba mdogo Narcisse ameupinga. Alitoka kwake Area 49, huko Lilongwe, akaketi kwenye mkeka wa msiba, chai yetu akanywa, kisha akasema: "Ule mutoto si wa damu yetu. Vitu vya dada yangu ni vya famii. Njo hivyo." Nilimjibu kwa ukali kuliko inavyompasa mtoto kumjibu baba yake, na sijutii. Hakubadilika. Anasema ule wosia tuliutengeneza wenyewe baada ya kuzika.

Kwa kuwa amepinga, korti ya Lilongwe inataka shahidi aape kwamba alimwona shangazi akitia sahihi. Mashahidi mlikuwa wawili, mchungaji Ambroise na wewe. Mchungaji tulimzika mwaka jana. Umebaki wewe.

Mimi siku ile nilikuwa uani nasonga nsima. Niliwasikia, sikuwaona. Mwanasheria anayetusaidia bure ananiambia kusikia hakutoshi.

Mwanzoni nilifurahi. Nilisema, Byamungu yu hai, ataapa mbele ya mwanasheria wa huko, kiapo kitatumwa, yamekwisha. Ndipo mwanasheria akaongeza kwamba kiapo kije pamoja na nakala ya pasipoti yako. Nilimwomba aseme tena. Yeye alidhani sijaelewa Kiingereza chake, akarudia polepole kama anayemfundisha mtoto.

Pasipoti yako inasema wewe ni René Nahayo, mwana wa mzee Épitace. Sikulaumu. René mwenyewe alikuwa ameshapotelea Afrika Kusini, jina lake likaitwa katika orodha ya kwenda huko, safari ikawa tayari, na dosye yetu sisi, faili letu la wakimbizi, ilikuwa imelala miaka bila mtu kuifungua. Nani angekataa kusafiri mahali pake? Tulikubali wote. Shangazi peke yake ndiye aliyenuna.

Na siku ya wosia unaikumbuka. Ulitaka kutia sahihi kwa jina la safari, ili ulizoee. Shangazi akakushika mkono. "Andika jina baba yako alikupatia. Mbele ya Mungu hakuna jina ya dosye." Mchungaji akaitikia amina, nawe ukaandika Byamungu Cirhuza, kwa mwandiko wako ule wa shule. Alitaka wosia wake usiwe na uongo hata kidogo. Maskini shangazi! Ukweli wake ndio uliotufunga mikono.

Ukiapa kama Nahayo, korti itasema huyu siye aliyetia sahihi. Ukiapa kama Byamungu, utajishtaki mwenyewe, umwangushe na mzee Épitace na wanawe, na Marlène na watoto. Nimeligeuza jambo hili kila upande, mlango siuoni. Nimefunga na kuomba pamoja na akina mama wa kanisa, bila kuwaambia naombea nini. Nguvu zimeniishia, mdogo wangu.

Jumatatu iliyopita Narcisse alikuja Lumbadzi na fundi, akabadilisha kufuli la duka. Darlène alikuwa amekwenda Kanengo kupeleka sare za wafanyakazi wa ghala. Aliporudi, mlango umefungwa na hata mkasi wake umo ndani. Alifika kwangu jioni kwa kabaza, baiskeli ya kukodi, miguu imejaa vumbi, na tangu siku hiyo anakaa nami. Nilimweleza yote, hata habari ya pasipoti, maana ni haki yake. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema: "Dada, mumuache kaka Byamungu. Yeye iko na batoto. Mi nilikuwa bila mutu, mama akanipata. Nilishajua kuishi bila mutu." Akainuka, akaosha vyombo. Aliyelia ni mimi.

Korti itatuita mwezi ujao. Sikuombi uape, wala sikuombi uache. Ningejua la kukuomba, ningeomba. Nimekuandikia kwa sababu macho yaliyoona ni yako, nami nimeshindwa kuubeba mzigo huu peke yangu.

Msalimie Marlène, uwabusu watoto. Msalimie mzee Épitace, baba yako wa huko. Mwanangu Noël anawasalimu sana. Amekuwa mrefu kunipita na anakula kama wawili. Darlène naye anakusalimu. Mungu aliyetutoa Bukavu tukiwa hai asituache njiani.

Wako akupendaye, dada yako wa tumbo moja, ambaye kwa pasipoti yako si ndugu yako,

Pascaline