Baba wa Kiprono

Jumatatu, 5 Machi 1973

Nimechuma chai mpaka mvua ikanitoa. Karani wa kituo cha chai, kijana tu, amepinduapindua majani yangu akitafuta kosa. Hakupata. Nilikuwa nyapara wa wanawake kwenye shamba la wazungu mpaka nikastaafu. Huyu mtoto atanifundisha nini?

Nimekuta barua ya Kiprono kutoka Kanada. Mke wake ana mimba. Anataka wazazi wake waende wakae naye. Ati huko mzazi mzee aliyestaafu anaruhusiwa kumfuata mtoto wake, haulizwi atafanya kazi gani. Vyombo vya nyumbani vinaingia bila ushuru, bora viwe vimeshatumika. Na kampuni ya Kiprono inalipa nusu ya nauli ya baba na ya mama. Basi ni mimi na Rael.

Rael ameuliza kama kuna ng'ombe huko. Mimi nataka kujua theluji ikianguka juu ya mabati inapiga kelele gani.

Jumatano, 7 Machi

Mchungaji amepita. Ameuliza nitaenda kama nani. Nikamwambia, kama baba. Akakohoa.

Na akohoe. Hapa Kaplong nani hajui? Mume wangu alikufa kabla sijapata mtoto. Kwa mila yetu nikamwoa Rael, nikatoa ng'ombe, wazee wakatufunga nyasi mkononi kama maarusi wengine. Mtoto atakayemzaa ni wa nyumba yangu, na baba yake ni mimi. Akamzaa Kiprono, mmoja tu. Ameniita Baba tangu ajue kusema. Karo yake ilitoka kwa mgongo huu, kikapu kikiwa juu yake.

Nataka kwenda. Nataka kuona hiyo nchi. Nataka pia waniandike huko: baba wa Kiprono. Nimesema.

Jumamosi, 17 Machi

Tunafunga mizigo na hata ruhusa hatujapata. Rael alikuwa amenunua vikombe vipya vya safari. Nikamwambia vitalipiwa ushuru hivyo. Basi tumevinywea chai asubuhi, mchana na jioni ili vizeeke. Kimoja nimekibandua rangi kidogo na msumari. Rael amecheka mpaka akakaa chini.

Kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, hakina shida. Hicho harufu yake peke yake inatosha kuwa ushahidi. Lakini mtu wa ushuru akikifungua atajua ni maziwa? Au atafikiri tumebeba dawa ya kuua mtu?

Jumanne, 3 Aprili

Nairobi. Ofisi ya Kanada ina lifti. Nimeipanda juu na chini mara mbili, Rael akaningojea kwenye ngazi akiona aibu.

Karani ni kijana wa Ukambani, mpole. Akaandika mambo ya Rael haraka. Halafu akanigeukia. "Na wewe, nyanya?" Nikamwambia mimi ni baba wa kijana. Hakucheka. Akasema hata kwao mwanamke huoa mwanamke, anajua. Nikafurahi. Nikavuta kiti karibu.

Halafu akafungua faili ya Kiprono, ile ya zamani alipoenda kusoma. Akashika mstari mmoja kwa kidole. Akasema, "Kijana wenu mwenyewe aliandika hapa. Baba amefariki."

Mama anaweza kwenda, kama mjane. Baba hakuna.

Nikamwuliza nilikufa na ugonjwa gani. Akaangalia faili kabisa, maskini. Akasema haikuandikwa.

Jumatano, 4 Aprili

Tumerudi. Sijalala.

Nimekasirika. Nimeumia pia, na hilo ndilo baya zaidi. Najiuliza aliandika namna gani. Haraka? Alisimamisha kalamu kwanza? Labda alimwandika marehemu mume wangu. Lakini huyo hakumjua, hajawahi kumwita Baba hata siku moja. Labda aliona aibu mbele ya wazungu. Kijana mdogo, peke yake, anaulizwa na watu wasiojua kitu. Naelewa. Sitaki kuelewa.

Alhamisi, 5 Aprili

Rael amekataa kwenda. Anatakiwa aweke kidole gumba mahali palipoandikwa kwamba mume wake amekufa. Amesema, "Niwe mjane na wewe uko hapa unakula ugali? Aka!" Tumegombana mpaka jirani akaja kuomba chumvi ambayo hakuihitaji.

Nimemwambia aende. Mtoto wa nyumba yangu anazaliwa, nani atamwitia majina? Mke wa Kiprono hayajui. Kiprono mwenyewe anayajua matatu, labda. Ni lazima mama mzee awaite marehemu wa nyumba mmoja mmoja, ugoro ukiwa karibu na pua ya mtoto, mpaka apige chafya. Anayeitwa wakati huo ndiye aliyerudi. Rael asipokwenda, mtoto atabaki na jina la hospitali tu. Nilioa kwa sababu gani basi? Ili nyumba isizimike.

Rael amelia. Halafu amekubali.

Nikamtania: na mimi ni marehemu sasa, utaniita? Amenirushia kitambaa cha vyombo usoni.

Ijumaa, 1 Juni

Rael ameondoka. Nilimsindikiza mpaka uwanja wa ndege. Nimeuliza yule msichana wa sare kama ndege ina choo. Kipo. Inaenda wapi hiyo taka? Akanionyesha choo cha uwanja.

Vikombe amebeba yeye. Kibuyu amekishika mkononi, amekataa kukitoa. Tulipoagana hatukusema kitu cha maana. Aliniambia nisisahau ng'ombe mwekundu ana chuchu moja mbaya. Kana kwamba sijui.

Ndege ilipopaa niliingiwa na wivu. Siyo huzuni. Wivu.

Jumatano, 13 Juni

Nimepika ugali wa watu wawili tena.

Marehemu amekamua. Marehemu amechuma. Marehemu amebishana na karani akashinda.

Namkumbuka Rael. Barua ya Kiprono imekuja, ndefu, mambo ya hali ya hewa. Ya faili hakuna. Sijamjibu.

Jumatatu, 6 Agosti

Barua nyingine. Nilipewa kituoni, mikono ina utomvu wa majani. Nikaifungua hivyo hivyo.

Maneno ni ya Rael. Hajui kuandika, Kiprono amemwandikia. Hakuna theluji, ni joto kama Kisumu. Ng'ombe wapo, wakubwa, wanakamuliwa na mashine. Mtu wa ushuru alikifungua kibuyu, akanusa, akakifunga upesi, akamwambia Rael apite. Vikombe hakuviangalia hata.

Mtoto ni msichana. Hospitalini nesi alikataa ugoro, wakangoja mpaka nyumbani. Rael akaita, akaita. Mtoto akamwangalia tu. Rael alipofika kwa mama mkwe wangu, mama wa marehemu mume wangu, chafya! Loo, yule mama alikuwa mkali kwangu. Sasa amerudi, na mimi ndiye babu yake. Je, atapenda maziwa ya mashine?

Mwishoni Rael anasema: "Nimeita wote wa nyumba yetu. Jina lako sikuliita, Baba Kiprono, kwa sababu uko hai."

Mwandiko ni wa Kiprono. Ameandika yote mawili kwa mkono wake, Baba na uko hai.

Karani ameuliza kuna habari gani. Nikamwambia apime majani.

Nimekamua, nimekunywa chai. Kesho nachuma upande wa mto, halafu nimjibu Kiprono.